Chenso zinaungua kwa vumbi, tusisingizie oili tu

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenzangu wa huku Mufindi na Njombe tunaokula kwa chenso, hii misumeno ya injini ya kukatia miti. Kila mashine ikinoki, yaani injini ikikwama, utasikia oili feki, oili feki. Sawa, oili feki ipo, ila mbona hamfungui ule mfuniko wa upande wa kamba ya kuwashia mkaona kilichomo?

Hii injini haina rejeta wala maji, inapozwa na upepo tu. Sumaku, lile gurudumu linalozunguka na injini, ina mapanga yake, yanavuta hewa kupitia matundu ya ule mfuniko na kuipuliza kwenye zile mbavu za silinda, sasa mti wa paina una utomvu, vumbi lake likikutana na oili ya cheni linaganda katikati ya mbavu gumu kama ugali wa jana, upepo haupiti, na injini yenyewe inazunguka zaidi ya mara elfu 10 kwa dakika, pistoni inatanuka inakwaruza silinda, hapo andaa hela.

Na kuisafisha wala sio kazi. Ikishapoa toa boliti, chukua mswaki wa zamani na kijiti (bisibisi hapana, mbavu zinavunjika), kwangua mpaka uone silinda yenyewe. Eya klina, kile kichujio cha hewa, nayo isafishe. Halafu baa, kile chuma bapa kinachobeba cheni, safisha ule mfereji wake na kile kitundu cha oili, kikiziba cheni inasaga kavu mpaka baa inatoa moshi. Ukiona inatema unga badala ya vipande ujue cheni ni butu, piga tupa, kuikandamiza ndo kuichemsha. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, mashine nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mls 100 kwa lita 5 za petroli, ila soma kitabu cha mashine yako, mambo ya kupima kwa kizibo acheni.

Lawama kubwa lakini nawapa wenye mashine. Opereta mnamlipa kwa mti, nani atasimama asafishe bure? Ikinoki anakatwa yeye! Mlipeni hata nusu saa ya jioni, mswaki na tupa nunueni nyie. Na akimaliza gogo kubwa akaiacha sailensa (iungurume taratibu bila kukata) kidogo kabla ya kuzima msimpigie kelele anamaliza mafuta, akizima ghafla upepo unakata joto lote linabaki ndani, hayo mafuta hayafiki hata kikombe.

Msomaji wenu,
Mafinga