MINT: KUTOELEZWA WAKATI UNAOFAA WA KUPANDIKIZA JINO

Likoni, Mombasa

Kwa Meneja wa Kliniki,

Mwezi Machi mwaka jana mlining'oa gego la chini lililokuwa limepasuka hadi kwenye mzizi. Kung'olewa kwenyewe sina neno; daktari ana mkono mwepesi, na jioni ile nilivuka feri na pamba yangu mdomoni. Lakini kabla sijatoka nilimuuliza, mbele ya muuguzi: nikitaka jino la kupandikiza, nirudi lini? Akanijibu, "Ukipata pesa, njoo wakati wowote."

Nikamwamini. Nilicheza chama na wenzangu wa sokoni, zamu yangu ikafika baada ya miezi 14, nikaja. Mkapiga picha. Daktari mwingine akaniambia mfupa wa taya umesinyaa, skrubu ya kubeba jino jipya haitashika mpaka niongezwe mfupa kwanza, na gharama hiyo ni juu ya ile niliyoiweka.

Yeye ndiye aliyenieleza, na namshukuru. Jino likitoka, mfupa uliolishika hukosa kazi, huanza kupungua, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndani ya mwaka upana wake waweza kupungua hata kwa nusu. Kumbe wapo wanaopandikizwa siku ile ile, mfupa ukiwa mzima na pasiwe na usaha. Wengine wiki 4 hadi 8, ufizi ukishafunga. Wengine miezi 3 au 4. Ningeambiwa hivyo, ningekopa. Au ningeomba shimo lijazwe unga wa mfupa siku ile ile, ili taya lisisinyae sana.

Karatasi mliyonipa ilinikataza chai ya moto na kusukutua kwa nguvu. Kuhusu pengo, hata neno moja. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike na huduma anayoilipia.

Naomba nakala za picha zote mbili, ya siku ya kung'olewa na ya sasa, nikazionyeshe kwingine. Gharama ya kuongeza mfupa muibebe nyinyi. Na kila mtakayemng'oa jino, mwandikieni kwenye karatasi ile ile arudi lini kulizungumzia pengo, awe na pesa au hana.

Risiti nimeziambatisha. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu