Barua ya wazi kwa Waziri wa Wanyamapori: lipeni mbuzi kwanza, habari ya kuwinda simba baadaye

Kwako Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni dereva wa watalii, nachukua wageni alfajiri kwenye hoteli za Nyali na Bamburi, twapanda na barabara ya Nairobi, Mariakani, Taru, mpaka tunaingia Tsavo Mashariki. Kwa hivyo ujue huyu anayekuandikia unga wake watoka kwa simba, sifichi.

Kila baada ya muda yale maneno yanarudi, eti tuiangalie upya marufuku ya uwindaji ya 1977, eti simba mmoja akiuzwa kwa mtu mwenye bunduki analeta pesa kuliko vani zetu za wapiga picha. Na kweli yule daktari wa meno Mmarekani aliyemuua simba Cecil kule Zimbabwe 2015 inasemekana alilipa kama dola 50,000. Pesa ni pesa, sikatai, lakini hiyo ni hesabu ya mwenye kampuni, simba wana hesabu yao.

Sensa ya 2021 ilipata simba 2,589 Kenya nzima. Sasa ukitoa dume mmoja usidhani umetoa mmoja, maana akishaondoka madume wageni wanaingia kwenye kundi lake na wanaua watoto wadogo ili majike wapate mimba upya, na jike akijaribu kutetea naye anaumizwa. Ndio Tanzania wakaweka sheria simba wa kuwindwa awe ametimiza miaka sita, walau ameshalea. Sheria nzuri hiyo. Lakini njoo Tsavo unioneshe yupi ana sita! Madume wetu wengi hawana manyoya ya shingo ya maana, wageni wananiuliza huyo ni jike? nawaambia hapana, huyo ndiye baba mwenye nyumba, subiri ageuke. Wengine wanakisia umri kwa kutazama pua, simba kijana pua yake ni ya waridi na akikua yaingia madoa meusi mpaka yakaribia kuijaza. Haya, mimi naiona pua hiyo simba akiwa amelala kivulini kando ya gari, nzi wanamtambaa usoni, na bado twabishana na wenzangu kwenye redio. Mwindaji aliyelipa pesa zote hizo, kibali chake chaisha kesho, jua lazama, ataangalia pua huyo?

Sisemi kila mwindaji ni shetani. Tanzania kuna mapori makubwa yamejaa mbung'o, mtalii wa kamera haendi huko hata umlipe, na bila pesa ya uwindaji pori kama hilo laweza kugeuzwa malisho na mashamba. Hilo nawapa. Lakini huku kwetu simba akitoka mbugani anaingia kwenye ranchi na maboma ya watu, Taita Taveta, Kajiado, na huko anayemuua ni mfugaji aliyechoka, hana kibali wala hataki kichwa cha kutundika ukutani. Mei 2023 karibu na Amboseli alichomwa mikuki Loonkito, simba wa miaka 19, mzee kabisa, njaa ilimpeleka bomani. Wiki hiyo hiyo wakauawa wengine sita kwa sababu ya mbuzi. Na mkuki una nafuu kuliko dawa ya wadudu iliyomwagwa kwenye mzoga, maana hiyo yaondoka na simba, fisi na tai wote pamoja.

Mheshimiwa, sheria yenu ya wanyamapori ya 2013 yasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe milioni tano, na mifugo pia ifidiwe. Shemeji yangu upande wa Maungu aliliwa mbuzi usiku, akapiga picha damu na nyayo, akajaza fomu, akaambiwa asubiri, kila akienda kuuliza faili iko kwa mtu mwingine na huyo mtu hayuko. Sasa anafuga mbwa wakali na namsikia akiongea maneno ambayo mimi dereva wa watalii sipendi kuyasikia. Wewe ungekuwa yeye ungemwambia nini simba?

Kwa hivyo kabla hamjakaa kwenye hoteli kujadili vibali, fanyeni jambo moja. Bandikeni kwa kila chifu orodha ya madai ya fidia ya kata yake, nani amelipwa, lini, shilingi ngapi, na nani bado. Kwa Kiswahili, herufi kubwa, maana wazee macho yao si mazuri. Anzeni na Taita Taveta, mimi napita Voi karibu kila wiki, nitasimama nisome.

Wako,
Dereva wa watalii, Mombasa