Usinicheke, njoo tule

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeicheka peke yangu kama mwehu, hasa pale unapouliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayelipa pesa zote hizo kwenye migahawa ya kifahari aletewe sahani kubwa yenye tonge moja katikati. Ndiye mimi huyu. Na huwa natoka nimeshiba! Matonge hayo hayaji mara moja, yanakuja moja moja kwa saa tatu, na mkate wa moto unapita katikati. Unapostuka tumbo limejaa.

Umeniuliza pia ni chakula gani kilichowahi kunishinda. Najua ulitaka nitaje kitu kinachonuka. Lakini kwa yote niliyoonja, harufu haijanifukuza mezani hata siku moja, na ladha ndiyo kabisa. Mimi nashindwa na namna kitu kinavyokaa mdomoni: kinateleza, kinavutika, kinapasuka. Ulimi ni mvumilivu sana, ila koo lina uamuzi wake.

Chukua chaza. Analetwa juu ya barafu iliyopondwa, gamba limetoka kufunguliwa, na ukimminyia limau unaona kingo zake zinajikunja kidogo, kwa sababu bado yu hai. Hapo ndipo wengi wanaposukuma sahani pembeni. Wanaobaki huambiwa wammeze mzima kwa mpigo, wasitafune. Huo ni ushauri mbaya. Ukimmeza hivyo umekunywa maji ya chumvi na kitu kilichoteleza, basi. Mwachanishe na gamba kwa uma mdogo, mmimine mdomoni pamoja na maji yake, kisha mtafune mara mbili tatu. Kwanza utapata bahari, halafu chumvi inaondoka na utamu fulani unachomoza, mwishoni kuna kitu kinachokumbusha tango. Siku hizi namtafuna kwa raha zangu, lakini mwanzoni nilikuwa nimefumba macho.

Natto bado tunapigana. Ni soya iliyochemshwa na kuchachushwa kwa bakteria, Wajapani huila na wali asubuhi. Ladha yake haina ubaya. Tatizo ukiinua vijiti, nyuzi za ute zinafuata kutoka bakulini mpaka kidevuni, na kadiri unavyozikata ndivyo zinavyozidi.

Sasa linganisha na yule papa wa Iceland, hákarl, ambaye kila mtu anamwogopa. Nyama ya papa wa Greenland ikiwa mbichi ina sumu, kwa hiyo huachwa ichachuke kwa wiki kadhaa, kisha hutundikwa ikauke kwa miezi. Ukiisogeza puani amonia inapanda hadi machozi yanakutoka, utadhani mtu amekumwagia dawa ya kusafishia choo. Lakini ikishaingia mdomoni ni kipande kigumu kiasi, kinatafunika vizuri, kinapita. Pua ililia, koo halikulalamika.

Bunju, samaki mwenye sumu kali, nilimla mahali ambapo mpishi ana leseni, maana Japani hairuhusu mtu yeyote tu kumpasua. Sumu yake, tetrodotoksini, haina dawa ya kuiua, na maini yake yamepigwa marufuku migahawani. Anakatwa vipande vyembamba hadi unaona maua ya sahani chini yake. Unataka ukweli? Hana ladha ya maana. Watu wanalipia hofu. Na lile jibini la Sardinia lenye funza hai, casu marzu, sijalionja wala sitalionja: kuliuza ni kinyume cha sheria, na funza wake huweza kuruka sentimita 15. Chakula changu nataka kitulie.

Wadudu waliokaangwa sihesabu kuwa ushujaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba watu bilioni 2 hivi huwala kama mboga ya kawaida. Noma, ule mgahawa wa Copenhagen, ulipowaweka sisimizi juu ya sahani dunia ikashangaa, ingawa sisimizi wana uchachu wa limau tu, kwa sababu ya asidi waliyo nayo mwilini.

Ndiyo maana nawapenda wapishi wa mahoteli makubwa, pamoja na madoido yao. Wamejua kwamba mdomo ndio wenye woga, nao wanauchezea makusudi. Ferran Adrià, mpishi wa Hispania, kabla hajaufunga mgahawa wake wa elBulli mwaka 2011, alikuwa akitoa zeituni isiyo zeituni. Unachukua juisi ya zeituni yenye kalisi, unaidondoshea kwenye maji yenye alginati, unga utokao kwenye mwani. Ngozi nyembamba inajifunga kuizunguka, ndani inabaki maji. Nimekula kwa mpishi mwingine aliyeiga ufundi huo. Inakuja kwenye kijiko, inatikisika, ya kijani iliyokolea. Meno yanajiandaa kukutana na kokwa, halafu inapasuka na mdomo mzima unajaa zeituni. Nilicheka kwa sauti, meza ya jirani ikageuka.

Nyota za Michelin, zile wanazopewa migahawa bora, zisikutishe. Zilitoka kwa kiwanda cha matairi, kilichoanza mwaka 1900 kuwachapishia wenye magari kitabu cha mwongozo. Nyota yenyewe ilikuja 1926. Uma na visu ni vingi, lakini unaanza na vya nje unaingia ndani, na ukikosea mhudumu anakubadilishia bila neno. Wenye kujifanya wanajua mvinyo ndio wanaochosha.

Basi, badala ya kunicheka kwenye barua, njoo. Nitaagiza meza ya watu wawili. Wanauliza mapema mgeni hali nini, na wanapanga mlo wote kwa kufuata jibu hilo, kwa hiyo niandikie upesi: una mzio wowote? Chaza tuwaache au tuwatoe? Na siku hiyo usile mchana.

Ni mimi,
swahiba wako mroho