Gauni lako la kijani

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu sana.

Lile gauni la kijani ulilosema nimpe dada wa kazi kwa kuwa limefumuka ubavuni, sijampa mtu. Nilichomoa uzi kwenye upindo nikauwasha kwa kiberiti, kama tufanyavyo mafundi mteja akileta kitambaa tusichokijua. Pamba ikiungua hunuka karatasi, huacha jivu. Uzi wako uliyeyuka, ukajikunja, ukaganda kama ushanga mweusi. Ni poliesta, mwanangu, inatokana na mafuta yaleyale yanayotoa petroli. Siku hizi zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni hizo.

Umelivaa mara mbili tu. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya nguo, ile inayoipasha dunia joto, hutoka kabla hujaigusa: kwenye kusokota, kufuma, na hasa kutia rangi, kwa sababu maji ya rangi huchemshwa, na viwanda vingi huyachemsha kwa makaa ya mawe. Ulipolilipia kwenye simu, moshi ulikuwa umeshapanda. Ukilitupa, umechafua anga kwa ajili ya siku mbili. Livae mara sitini.

Wala usidhani pamba haina deni. Fulana moja inakadiriwa kumeza lita 2,700 za maji. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga hutegemea mvua, lakini nyingi huuzwa nje ikiwa bado pamba nyuzi, haijasokotwa wala kufumwa, halafu tunanunua vitambaa vilivyovuka bahari. Hilo huniuma kila ninapoingia dukani.

Tangu uanze kupokea mshahara unaona haya kuvaa mitumba. Nimekulea kwa mitumba ya soko la Karume, na ulipendeza. Nguo iliyokwisha kushonwa haichomewi makaa mapya. Ila kagua: vuta mshono, itazame kwenye mwanga, maana ndani ya robota mna nguo zilizochoka ambazo mwisho wake ni jalalani.

Unakumbuka ile khanga ya bibi yako? Aliivaa harusini, akaja kushinda nayo jikoni, ikawa mbeleko yako, ikachanwa nepi za mdogo wako, ikamalizika ikiwa dekio. Bibi hakuwahi kusikia habari za hewa ya ukaa. Alijua tu thamani ya kitambaa, na ndicho ninachotaka ukichukue kwake, kwa sababu joto hili na mvua zisizoeleweka utaishi nazo wewe miaka mingi kuliko mimi.

Ubavu nimeushona mara mbili, na ndani nimeacha kitambaa cha ziada, ukinenepa fundi wa huko Dodoma atalifungua. Nimelipeleka stendi leo, litafika kesho. Anika kivulini, na usilipige pasi ya moto sana, litayeyuka.

Mama yako