Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaochora Mandhari

Wanangu,

Kuna kosa moja ambalo limezidi katika picha za mandhari: mlima uko sawa, maji yako sawa, halafu mtu amebandikwa mbele kama stempu juu ya bahasha. Hana kazi anayofanya, miguu yake haikanyagi ardhi, na mwanga ulioangukia mlima haukumfikia. Dawa ya kosa hili ninayoijua ni kukaa muda mrefu na picha ambazo Paul Henry alizichora kisiwani Achill, magharibi mwa Ireland.

Alizaliwa Belfast mwaka 1876, baba yake akiwa mchungaji wa Kibaptisti. Paris alisoma Académie Julian, shule ya sanaa, kisha akaingia katika shule ya mchoraji Mmarekani Whistler, ambako mwanafunzi alitakiwa achanganye rangi zake zote kwenye ubao wa rangi kabla brashi haijagusa turubai. Baadaye, London, aliishi kwa kuchorea magazeti, na mkaa ndio uliokuwa chombo chake. Mkaa hauna buluu wala kijani. Unakufundisha mwanga na giza tu. Henry alikuwa na upofu wa rangi nyekundu na kijani, na ukizitazama kazi zake kwa makini utaona mwanga na giza ndivyo vilivyoibeba picha, rangi ikafuata nyuma.

Mwaka 1910 alikwenda Achill kwa likizo pamoja na mkewe Grace, naye mchoraji, wakabaki huko, wakaja kuondoka kabisa mwaka 1919. Wenyeji wengi hawakutaka kuchorwa, kwa hiyo mara nyingi alichora harakaharaka na kwa kujificha. Mtu ukimchora hivyo hupati muda wa pua na macho. Unapata mgongo, kiuno, na mahali uzito ulipolalia. Tazameni The Potato Diggers ya mwaka 1912, wanawake wakichimba viazi, au Launching the Currach, wanaume wakiusukuma majini mtumbwi wa mbavu za mbao uliovikwa turubai lenye lami. Ondoa kazi hiyo na mtu naye anaondoka. Mgongo ulioinama ndio unaokuambia ardhi ile ni nzito kiasi gani.

Sasa kaeni kazini. Chukua ubao mdogo wa kuchorea, sentimita 25 kwa 35 unatosha. Tumia rangi tatu: ultramarini (buluu nzito), umba iliyochomwa (kahawia iliyokoza), na nyeupe. Changanya ultramarini na umba kiasi sawa upate giza karibu na nyeusi; ikiegemea kahawia ongeza ultramarini kidogo, ikiegemea buluu mno ongeza umba. Gawanya mafungu matano, kisha ongeza nyeupe fungu hadi fungu mpaka upate ngazi tano, ya mwisho ikiwa karibu na nyeupe yenyewe. Usianze kupaka kabla ngazi zote tano hazijakaa kwenye ubao wa rangi.

Kunja macho nusu, utafute giza zito kuliko yote. Kwa kawaida liko kwa mtu au kwenye ardhi iliyo karibu. Paka hilo kwanza. Mlima wa mbali usiupe giza hilo hata ukikushawishi, kwa sababu hewa iliyo katikati huupausha. Ukilazimisha, mlima utamrukia mtu na kummeza. Mtu na ardhi anayokanyaga vipakwe wakati mmoja, rangi ikiwa bado mbichi, ili ukingo wa miguu ulainike. Stempu huzaliwa pale mtu anapoongezwa juu ya rangi iliyokauka, kwa toni, yaani ngazi ya mwanga au giza, isiyokuwepo mahali pengine pichani.

Nyeupe ikizidi picha inakuwa kama chokaa. Brashi ikirudia mahali pamoja mara nyingi rangi inageuka tope. Kwangua kwa kisu uanze upya. Na baada ya saa mbili acha, maana kivuli kimekwisha hama.

Alipohamia Dublin watu walipungua kwenye turubai zake hadi karibu kutoweka. Yakabaki mawingu makubwa, milima ya buluu, nyumba za kuezekwa kwa nyasi zilizopakwa chokaa, na marundo ya peti, udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish iliichapa mandhari yake ya Connemara, eneo la magharibi mwa Ireland, kuwa bango la kuwavuta wasafiri, na watu wakaipenda mno. Nasema wazi: baadhi ya zile za baadaye zinajirudia, na mkono unaonekana kuijua njia kabla ya jicho. Lakini msimpime kwa hizo.

Tafuteni Dawn, Killary Harbour, iliyoko Ulster Museum, jumba la makumbusho mjini Belfast. Hamna mtu ndani yake, kuna milima na maji yaliyotulia alfajiri. Kunjeni macho, mhesabu ngazi za giza, kisha mzichanganye kwenye ubao wa rangi bila kuongeza rangi ya nne.

Mzee wenu