Asante, dada wa maktaba

Jumamosi ile sikukuuliza hata jina, naona haya mpaka leo. Ni wewe dada wa kilemba cha kijani. Nilikuletea kurasa tisa za tarehe tupu, za kuwasilisha darasani, kuhusu Iwao Hakamada, bondia wa zamani wa Japani aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 1968 kwa mauaji. Ulizisoma zote, ukashika penseli: "Mdogo wangu, anzia kwenye suruali."

Nikaanzia hapo. Suruali yenye damu, iliyodaiwa kuwa yake, iliibuliwa kwenye tangi la miso (soya iliyochachushwa) kiwandani alikofanya kazi, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji. Alipojaribishwa, ilimkwama mapajani. Darasa lilinyamaza kimya! Umeme ulipokatika sikubabaika, maana ulishanichorea yote kwenye manila: 1966 kukamatwa, 2014 kutoka, 2024 mahakama kutamka kwamba ushahidi ulipikwa.

Na swali lako, "Ana ndugu?", ndilo lililonipeleka kwa dada yake Hideko, aliyempigania mpaka ushindi ukamkuta ana miaka 91. Hapo wengine walifuta machozi.

Asante sana, dada. Penseli yako niliondoka nayo, Jumamosi naileta.