Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kigoma: Kodi ya Ndege na Ziwa Letu

Ndugu wanachama, wazee wangu wa Ujiji, wenzangu wa Kibirizi, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Habari za ada na mikopo atazisoma katibu, na hesabu anazo mhazini. Mimi nimebaki na jambo moja lililotukalisha vikao vingi kuliko mengine yote: je, sisi watu wa ziwa tuunge mkono kodi ya mazingira kwa wasafiri wa ndege?

Lilianzia mwaloni, kwenye vichanja vya dagaa. Mwenzetu mmoja alisema ndege ni za wakubwa, wakatwe tu. Mama mmoja muuza mawese akamjibu kwamba yeye alimpandisha mumewe ndege kwenda kutibiwa Dar es Salaam, maana hali yake isingehimili mwendo wa treni. Kisha akauliza, "Na mimi ni mkubwa?" Hakuna aliyemjibu siku ile, hata mimi.

Tangu hapo nimesoma yaliyowapata wengine. Uholanzi walianzisha kodi hiyo 2008 wakaifuta mwaka uliofuata, baada ya abiria kukimbilia viwanja vya nchi jirani, kisha wakairudisha 2021. Sweden walianza 2018, wakaifuta 2025. Uingereza wanatoza tangu 1994, lakini fedha zinaingia mfuko mkuu wa serikali, na abiria haoni zilikopanda mti hata mmoja. Ila hukohuko Uingereza, raia waliochaguliwa kwa bahati nasibu walikaa 2020 kujadili tabianchi. Katika wale waliojadili usafiri, wanane kati ya kila kumi walikubali kodi inayopanda kadiri mtu anavyoruka mara nyingi na mbali zaidi. Naamini yule mama angekuwa upande wao. Anayepanda ndege mara moja kwa ajili ya ugonjwa hapimwi kwa kibaba cha anayeruka kila wiki.

Kuna jambo linaloniuma, na nalisema wazi. Kijana wetu akinunua petroli ya injini ya mtumbwi, ndani ya bei ya kila lita mna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara, ingawa mtumbwi haukanyagi barabara. Mafuta ya ndege ziendazo nchi za nje kwa kawaida hayatozwi kodi, kwa misingi iliyowekwa na Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga na makubaliano yaliyofuata baina ya nchi. Mwenye mtumbwi analipa, mwenye ndege anasamehewa.

Na ziwa linapata joto. Maji ya juu yakipata joto hubaki juu, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kinapungua. Sote tunakumbuka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike. Nyumba nyingi hapa zilikula kwa kukopa. Sisemi ndege ndizo zilizofanya yote. Sehemu yake katika hewa ukaa ya dunia, ile inayoleta joto, ni kama mbili na nusu kwa mia. Lakini wanaoruka ni wachache, na joto tunagawiwa wote.

Wenzetu wanaoongoza wageni Gombe na Mahale wana hofu kwamba nauli ikipanda watalii watapungua. Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa watoto wao wanasoma kwa fedha za wageni. Ndiyo maana naona njia inayofaa ni ile ambayo Kenya, Ufaransa na nchi nyingine kadhaa zilijiunga nayo 2025 kule Sevilla, Hispania: kuwalenga wanaokaa madaraja ya juu na wenye ndege binafsi.

Kamati inapendekeza tuwaandikie wabunge wetu. Barua iombe kwamba safari za ndani za daraja la kawaida zisiguswe, kodi ikija sehemu yake itajwe kisheria kuwa ya maziwa na misitu, na matumizi yabandikwe mialoni, kwa Kiswahili, pale mvuvi anaposhusha samaki. Hili la mwisho nitalitetea mpaka mwisho, kwani kila tuliyekaa naye aliuliza kwanza fedha zitakwenda wapi.

Rasimu iko mezani kwa katibu. Atakayetaka kubadili neno aandike kabla ya chakula cha mchana, kisha tupige kura.